Debe Tupu Mtandaoni

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Mimi nimeliona debe hilo, mpenzi msomaji, si kisimani bali kwenye skrini ya tarakilishi, kitongojini Mashimoni, Kibera.

Mdogo wangu wa kiume alikiundia kikundi cha vijana wauza maji programu ndogo ya hesabu: nani amechota mitungi mingapi ya lita 20, nani amelipa, nani anadaiwa. Kabla ya kuhamia Mombasa kikazi, aliniambia kwa fahari, "Dada, maelezo ya msimbo wote yamo mtandaoni. Sikuandika hata ukurasa mmoja, yamejitengeneza yenyewe."

Hakusema uongo. Zipo zana zinazosoma msimbo wa programu na kuzalisha kurasa za maelezo. Javadoc ilifanya hivyo kwa lugha ya Java katika miaka ya 1990. Sphinx, iliyotolewa mwaka 2008, hutumiwa sana na watunzi wa programu za Python. Zipo pia huduma, kama Read the Docs iliyoanza mwaka 2010, ambazo huzalisha kurasa hizo na kuzihifadhi mtandaoni. Hata hivyo, zana hizi huchota tu ufafanuzi alioutia mtunzi penye kila jina. Asipotia neno, hubaki jina tupu.

Jina moja lilituponza. Msichana aliyerithi kazi ya mdogo wangu aliombwa aongeze kitufe cha kupokea malipo ya sehemu ya deni. Alipitia kurasa zile, akakuta "futa_deni", akakiunganisha kitufe chake nalo. Kumbe kazi ya msimbo ule ilikuwa kufuta rekodi nzima! Kila mteja aliyelipa nusu alionekana hadaiwi chochote. Jioni hesabu zilipokataa kulingana, binti wa watu akaanza kutazamwa kwa jicho la wizi.

Tuliketi naye kuzichunguza kurasa. Katika mipangilio tulikuta neno moja, "undoc-members", linaloiamuru zana ionyeshe hata majina yasiyo na maelezo. Alipoliondoa, na huduma ikazalisha kurasa upya, kati ya majina 31 yalibaki 4. Mdogo wangu alikuwa ameupamba ukurasa kwa rangi na nembo ya kikundi. Ndani yake, debe lilikuwa tupu.

Ndipo kazi yangu ilipoanza. Yeye alinieleza kila msimbo unafanya nini. Mimi nikaandika kwa Kiswahili. Vichwa vya Kiingereza ambavyo zana huvitia yenyewe tulivibadilisha kwa faili ya tafsiri: "Vigezo" na "Hurejesha" vikachukua nafasi zao. Nilipoandika "dumu", alinikosoa kwa heshima: "Dada, hapa tunasema mtungi." Nikafuta. Penye "futa_deni" tuliandika kuwa hufuta rekodi nzima, na kwamba malipo ya sehemu yapelekwe kwenye "punguza_deni", msimbo aliouandika yeye mwenyewe usiku ule. Madeni yaliyopotea yalirejeshwa kutoka daftari la karatasi, na jina la binti likatakata.

Wanakiswahili wenzangu, aghalabu tunajivunia kubuni istilahi za tarakilishi, kisha tunaziacha kwenye kamusi. Mashimoni sikuhitajiwa kwa ajili ya istilahi. Nilihitajiwa kwa ajili ya sentensi moja iliyo wazi, ambayo laiti ingaliandikwa mapema, isingalimtia mtu aibuni. Mashine huweza kuzalisha kurasa kwa dakika chache, na mwenye kurasa huweza kuzipaka rangi apendayo. Maana haina budi kutiwa na mtu, naye sharti kwanza amsikilize atakayesoma.