Kujipima Nafsi

Mtu hupima samaki kwa mizani na nguo kwa wari, walakini tabia yake mwenyewe huikisia tu. Tena akisifiwa huamini upesi.

Jambo hili lilithibitishwa Marekani mwaka 1948. Mwalimu Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maswali ya kupima tabia, kisha akampa kila mmoja karatasi yenye maelezo yake. Akawaomba watie alama, tangu 0 hata 5, kuonyesha maelezo yale yalivyowaelekea. Wastani ulipita 4. Kumbe wote walipewa maneno yale yale, na mengi aliyatoa katika kitabu cha falaki!

Kwa hiyo wenzangu hapa Makoongwe waliponitaka niwe mweka hazina wa chama chetu cha kuweka na kukopa, naliomba siku 7 nijipime kwanza. Fedha ile ni jasho la wavuvi na wachuma karafuu. Ikipotea, hupotea na ujirani.

Sikujiuliza, “Je, mimi mwaminifu?” kwa kuwa hakuna ajibuye, “Siyo.” Nalijiuliza matendo. Nilipokopesha mara ya mwisho, je, naliandika? Jamaa alipokuja usiku na shida yake, nalimjibu nini? Bahari ikichafuka tukivuka kwenda Mkoani, mimi hufanya nini? Majibu naliyaandika, mema upande huu, mazito upande huu.

Ndipo nikawauliza wanijuao. Mke wangu alisema, “Bwana, hesabu yako haina shaka, hata senti ya chumvi waijua ilipokwenda. Ila ndugu yako akilia, wewe hulia kabla yake.” Mjomba wangu, ambaye huvua pamoja nami, akasema, “Mjomba, mawimbi yakizidi wewe hunyamaza, nasi hutulia kwa kukutazama.”

Nalistaajabu, kwani mimi katika karatasi yangu nalikuwa nimeandika, “Bahari ikichafuka nina hofu.” Walakini wote wawili tulisema kweli. Mwaka 2010 mtaalamu Simine Vazire alieleza uchunguzi wake: yaliyofichika moyoni, kama wasiwasi, mtu huyajua mwenyewe kuliko rafiki zake, bali sifa tunazozitamani sana, kama akili, rafiki huziona sawasawa zaidi, kwa kuwa hapo sisi wenyewe hujipendelea. Basi shahidi mmoja hatoshi.

Siku ya 7 nalikubali kazi, kwa sharti moja. Sanduku liwe na kufuli 3, na funguo zake zikae kwa watu 3 mbalimbali, kama vyama vingi vya namna hii vifanyavyo. Kuandika hesabu ni kazi yangu. Kumkatalia ndugu aliaye si kazi ya kuachiwa mimi peke yangu. Wenzangu waliridhia.

Nawe msomaji, kabla hujaitikia dhamana yo yote, iwe ya fedha, ya chombo au ya ndoa, twaa karatasi uandike ulilotenda, si unalojisifia. Kisha mwulize mtu akupendaye, asiyekuogopa. Akikuambia neno chungu, usimkasirikie, mwulize tena, “Na nifanyeje?” Kwani kujua udhaifu ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kutafuta kufuli yake.