Vitone Vinne na Uso wa Mama

Nataka kuwasimulia kosa nililolifanya kwa kudhani kwamba wingi ndio ubora.

Mwaka 2022, katika Mkesha wa Pasaka, taa za kanisa zilizimwa kama ilivyo desturi, kila mtu akawasha mshumaa wake. Mama yangu alikuwa ameketi benchi la mbele. Simu yangu iliandikwa megapikseli 48, lakini siku zote ilinipa picha za 12 tu. Nikajiona nimepunjwa! Basi nikachagua zote 48, nikampiga Mama picha. Mpwa wangu naye akapiga, kwa simu ya aina ileile, bila kubadili kitu.

Ya kijana ilitoka safi. Yangu ilijaa chengachenga, hata macho ya Mama hayakuonekana sawasawa.

“Mjomba, mbona umezitenganisha?” akaniuliza, kisha akanieleza.

Ndani ya kamera mna kipande kiitwacho sensa, chenye mamilioni ya vitone vya kupokea nuru, ndizo pikseli. Simu ni nyembamba, kwa hiyo pikseli zake hufanywa ndogo mno. Katika sensa ya megapikseli 48 iliyotangazwa na Sony mwaka 2018, kila pikseli ina upana wa maikromita 0.8: ukizipanga 1,000 hazifikishi milimita moja. Gizani kila moja huambulia nuru kidogo sana. Ndipo nne zilizo jirani, za rangi moja, huunganishwa zikawa kama moja, na 48 ikawa 12. Nuru huwa mara nne, lakini makosa yake huwa kama mara mbili tu. Ni kama wazee wanne wanaohesabu sadaka, kila mtu na kapu lake: huyu huzidisha kidogo, yule hupunguza, na katika jumla baadhi ya makosa hufutana. Mchana wa jua kali 48 zina kazi yake, kama kusoma kibao kilicho mbali. Kwa mshumaa, la.

Mama alifariki Agosti ya mwaka uleule. Picha ya mpwa wangu ndiyo tuliyoiweka juu ya jeneza, na sasa ipo sebuleni. Yangu sijaifuta. Katika ile ya kijana Mama anamtazama yeye; katika hii, pamoja na chengachenga zake, najua alikuwa akinitazama mimi.