Njia ya Matibabu: Kutoka Mokowe hadi Nairobi

Anayetoka Lamu kwenda kutafuta matibabu makubwa huanza safari yake majini. Kisiwa chetu hakina daraja. Ni lazima upande boti hadi gati la Mokowe, kisha basi la alfajiri likupitishe Hindi, Witu na Garsen, uvuke Mto Tana, uiache Malindi, uiache Kilifi, na ukishaliona daraja la Nyali ndipo useme umewasili Mombasa. Ni zaidi ya kilomita 300. Lami iliyowekwa kati ya Lamu na Garsen imepunguza adha, walhamdulillah, maana wazee wetu huikumbuka njia ile kwa matope yake. Lakini kwa mgonjwa, kila kizuizi cha ukaguzi ni kirefu.

Njia hiyo nimeipita mwaka huu pamoja na jirani yangu na mwanawe wa miaka 15, aliyepatikana na saratani ya mfupa, juu kidogo ya goti. Majina yao nayahifadhi. Maradhi haya huwapata zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka, na mara nyingi maumivu yake ya mwanzo hudhaniwa kuwa ni ya kucheza mpira. Tiba yake ni dawa za kemo kwa mizunguko, kisha upasuaji, kisha dawa tena. Ni kazi ya miezi. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu bado twaiita Makadara, hutoa dawa za saratani, lakini kwa ajili ya upasuaji wa kuunusuru mguu kijana huyu alielekezwa Nairobi, na huko ndiko anakoendelea na dawa, kila baada ya wiki tatu.

Basi Mombasa kwao ni kituo tu. Hulala kwa khalati wa yule mama, na asubuhi huelekea stesheni ya Miritini kupanda reli. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500, na kijana wa miaka 15 hulipa sawa na mtu mzima. Mama na mwana, kwenda na kurudi, ni shilingi 6,000 kwa reli peke yake. Hapo hujahesabu boti, basi, tuktuk ya kwenda Miritini, wala gari la kutoka Syokimau hadi mjini. Hujala. Hujalala. Na baada ya wiki tatu, anza tena.

Wengi husema, "Si kuna bima?" Ipo. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia matibabu ya saratani hadi kiwango maalumu kwa mwaka kwa kaya nzima, madhali mchango wake umelipwa. Haimlipii mama pa kulala, wala haimrudishii baba siku alizoacha kwenda baharini ili abaki na wadogo.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Miongoni mwa sababu linazozitaja ni kuchelewa kutambuliwa kwa ugonjwa na kuachwa kwa matibabu katikati. Hili la pili ndilo lililonikaa moyoni ndani ya behewa, tukipita Tsavo, kijana akitafuta ndovu dirishani. Mchango wa kwanza mtaani ulikuwa mkubwa. Nyumba ilijaa watu. Kufikia safari ya tatu, mama alikuwa akiuliza bei ya bangili zake.

Wanawake sita wa mtaa wakalipanga upya. Badala ya kuchangisha fungu moja kubwa, waligawana njia. Mmoja ameshika boti, naye nahodha alipojua ni ya nani akakataa nauli. Mmoja ameshika basi, na huhakikisha viti ni vya mbele, karibu na dirisha, kwa kuwa dawa hushusha chembe nyeupe za damu na msongamano ni hatari kwa mgonjwa. Wengine wameshika reli, chumba cha Nairobi, na chakula cha wadogo waliobaki nyumbani. Wa sita anaweka daftari.

Kijana aliomba jambo moja: picha yake isitumwe kwenye makundi ya WhatsApp. Ana haki, umri huo una aibu zake, na amana ya siri haiondoki kwa sababu mtu ni muhitaji. Tangazo liliandikwa bila picha wala jina, imamu akalithibitisha, na fedha ziliingia. Nywele zilipoanyoka hakuna aliyetambua, kwani kijana wa Lamu na kofia yake hawaachani.

Wenye kutoa zaka wakumbuke pia kwamba Sura at-Tawba, aya ya 60, inawataja wenye madeni na msafiri aliyekwama pamoja na mafakiri na maskini. Muulizeni imamu wenu kuhusu familia mnayoijua.

Chumba cha Nairobi ndicho kizito kuliko vyote, nacho si anasa. Mgonjwa wa kemo akipata homa hapaswi kusubiri kukuche. Afikishwe hospitali saa ile ile. Kwa hiyo katika siku za hatari hukaa karibu, kwa mwendo wa dakika chache, kipimajoto kando ya mto.

Safari ya sita ni wiki ijayo. Boti ina mwenyewe, basi lina mwenyewe, chumba kimelipiwa. Reli ya kurudi bado haijapata mtu.