Picha Iliyomponza Ndege

Wahenga walinena kwamba mdomo uliponza kichwa. Kwangu mimi kilichoponza ni picha, na aliyeponzwa hakuwa na kosa lolote. Ndugu msomaji, tulia nikusimulie.

Kwetu ni Manyatta, hapa hapa Kisumu, si mbali na Kondele. Ploti yetu ina vyumba sita, bomba moja na mpera mmoja. Chini ya mpera huo nyanya yangu alisimamisha nguzo fupi, akagongelea juu yake kifuniko cha sufuria kuukuu. Kila asubuhi kabla ya chai yeye hutia hapo wimbi na makombo ya ugali. Ukimwuliza sababu, hujibu, "Hata wao wana watoto." Wageni wake ni wale wale: shomoro, njiwa, na mnana wa manjano wenye kelele kama makanga wa matatu.

Asubuhi moja ya likizo ya Agosti nilisikia mlio mkali nisioujua. Nikachungulia dirishani. Masalaala! Juu ya kifuniko alitua ndege mdogo, urefu wake kama sentimita 15 hivi, mwili kijani kibichi, uso rangi ya chungwa lililoiva, mdomo mwekundu uliopinda kama wa kasuku. Jicho lake lilizungukwa na duara jeupe, ungedhani amevaa miwani. Alimenya wimbi punje kwa punje, shomoro wakimtazama kwa mbali.

Nilitoka mbio hadi bombani kuwaambia wenzangu. Walicheka hadi wakashika mbavu. "Ati kasuku Manyatta? Enda ukalale, buda! Kasuku tunayemjua sisi ni yule wa kopo, wa kupikia chapati!" Tangu hapo jina langu likawa Kasuku. Nikaapa kwamba nitawaletea ushahidi.

Nilimwomba kaka yangu simu yake. Siku ya kwanza nilipata ukungu wa kijani tu. Siku ya pili simu ililia nilipokuwa karibu kabisa, ndege akaruka. Siku ya tatu nililala kifudifudi nyuma ya karai la kufulia tangu alfajiri, mbu wakinila. Akaja. Akageuza kichwa akanitazama. Nikabonyeza. Picha ilitoka safi, hata wimbi mdomoni lilionekana!

Nyanya alinitazama nikirukaruka, akasema, "Nyakwara, umeshamwona. Hiyo yatosha. Mgeni hapigiwi baragumu."

Je, nilisikia? Sikio la kufa halisikii dawa. Picha niliionyesha bombani, dukani, hadi kwa kinyozi. Walionicheka wakanyamaza, nami nikavimba kichwa. Pale kwa kinyozi mtu mmoja nisiyemfahamu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, "Huyu huja saa ngapi, kijana?" Nikajibu kwa majivuno, "Saa moja kasorobo. Hakosi!"

Jumapili nyanya alidamka kwenda ibada ya asubuhi, nami nikalala fofofo hadi saa mbili. Nilipotoka nje, wimbi lilikuwa limemwagika chini. Penye kifuniko palikuwa na kijiti kilichopakwa ulimbo, na juu ya ulimbo manyoya mawili ya kijani. Miguu iliniisha nguvu. Mchana nilikwenda soko la Kibuye nikazunguka penye kuku, bata na njiwa hadi jua likatua. Sikumwona.

Shule zilipofunguliwa nilimpata katika kitabu cha ndege maktabani. Jina lake la kizungu latokana na Gustav Fischer, msafiri Mjerumani wa karne ya 19. Kwao hasa ni kaskazini mwa Tanzania, pande za Serengeti. Miaka ya 1980 walikamatwa na kuuzwa ng'ambo kwa maelfu na maelfu, wakapungua, hadi Tanzania ikasimamisha biashara hiyo. Hapa Kenya wako Naivasha, nao ni uzao wa ndege waliotoka vizimbani.

Niliposoma hayo nilifunga kitabu. Huenda basi mgeni wetu naye alikuwa ametoroka kizimba cha mtu, akavuka mabati na mabati mpaka akapata uhuru wake, na wimbi la bure kwa nyanya. Mimi ndimi niliyemrudisha kizimbani, na malipo yangu yalikuwa kuitwa mkweli.

Nyanya hakunigombeza, jambo ambalo liliniuma kuliko kiboko. Kesho yake alifuta ulimbo kwa mafuta ya taa, akakiosha kifuniko kwa sabuni, akatia wimbi kama kawaida. Shomoro walirudi siku hiyo hiyo.

Picha bado ninayo. Mhariri wetu aliiomba, na nimempa, kwa kuwa sasa haiwezi kumdhuru mtu. Lakini akija mwingine, wenzangu mtanisamehe. Nitamwita nyanya dirishani, tumtazame sisi wawili, basi.