Ubao wa Mbele

Lancaster, Pennsylvania

Jumamosi, 2 Septemba 2023

Ubao nimeupata. Mjozi mweusi, umekaushwa kwa upepo, urefu wake unazidi sentimita 30 kidogo. Mwenye kiwanda cha mbao alinionyesha kwanza kipande chenye mawimbi, kizuri kweli, bei juu. Nimekiacha. Ubao wa mbele wa Ruger No. 1 unashikwa na skrubu moja tu, na nyuzi zikipinda hapo kwenye tundu, ufa unakuja. Nimechagua kile ambacho nyuzi zimenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Uzuri utatokana na umbo.

Bunduki yenyewe ni ya risasi moja moja. Ilianza kuuzwa 1967, na Bill Ruger aliuiga mtambo wa Farquharson wa Uskoti, uliopewa hataza 1872. Kitako kiko peke yake, ubao wa mbele uko peke yake, chuma kimekaa katikati. Ndiyo maana ninaweza kubadili ubao wa mbele bila kukigusa kitako. Ule wa zamani ulikuja umepasuka penye skrubu. Aliyekuwa na bunduki kabla yangu alikuwa anakaza kwa nguvu zake zote.

Kwa sheria ya Marekani, chuma cha katikati chenye namba ndicho bunduki. Ubao ni ubao, mtu anauchonga kwake bila kuomba ruhusa. Lakini bandani bunduki haiingii mpaka nimefungua mtambo na kuchungulia chemba kwa macho na kwa kidole. Risasi zinabaki zimefungiwa ndani ya nyumba.

Jumapili, 10 Septemba

Nimempigia mjomba wangu aliyeko Kilwa, kwake ilikuwa jioni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Unachonga nini safari hii?"

Nikamweleza. Hakuuliza habari ya bunduki hata kidogo. Aliuliza kama bobari yangu inakata au inatafuna. "Ikitafuna, simama, unoe. Mti hausahau." Amekuwa seremala tangu kabla sijazaliwa na bado hajanunua msasa mzuri, kwa sababu hauhitaji.

Nimenoa mchana mzima, kazi nyingine sikuigusa.

Jumapili, 24 Septemba

Mpingo umefika. Nautaka kwenye ncha, mbele kabisa, kipande kifupi tu. Mafundi wa Ulaya na Marekani wameutumia mpingo kwa ncha za bunduki muda mrefu, kama walivyoutumia kwa klarineti, na wengi wao hawajui unamea wapi. Mimi najua. Kule kwetu Kilwa vijiji vinaitunza misitu yake vyenyewe, na mwaka 2009 misitu ya vijiji hivyo ikapata cheti cha usimamizi bora cha FSC, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Tangu Januari 2017 mti huu uko kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, kwa hiyo unaposafirishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine lazima uwe na karatasi. Muuzaji nilimdai karatasi akazitoa. Asiyekuwa nazo asingepata pesa yangu. Mti unaochukua miaka 70 hata 100 kufikia kukatwa haustahili kuibwa.

Nilikitia kipande kwenye ndoo ya maji nikione kinazama. Kilizama mara moja. Nikakifuta, nikakiacha kikauke.

Mpingo una mafuta yake na gundi haiyapendi. Uso wa kuunganishia nimeusugua kwa asetoni, nikapaka gundi ya epoksi hapo hapo kabla mafuta hayajapanda tena, nikatia pini mbili za shaba ndani zisizoonekana, nikabana kwenye jiriwa.

Jumamosi, 7 Oktoba

Mfereji wa mtutu. Hapa ndipo kazi ilipo, mengine yote ni mapambo.

Kwanza, gogo linabaki la mraba. Wengi wana haraka ya kuona umbo, wanazungusha nje, halafu wanachimba ndani ya kitu kisichobanika wala kupimika. Mraba una pande nne za kuaminika. Nimepiga mstari wa katikati juu, chini na kwenye ncha zote mbili, na kila kipimo kinatoka kwenye mstari huo. Tundu la skrubu limekwishatobolewa pia. Halikai wima. Limelala, ili skrubu ikikazwa iuvute ubao nyuma ukutane na uso wa chuma.

Halafu masizi. Nimewasha taa ya mafuta, nikashika kipande cha bati juu ya utambi hadi kikawa cheusi, nikachanganya weusi ule na tone la mafuta. Unapaka mtutu kwa brashi, utando mwembamba. Unaulaza ubao juu yake, unagonga kidogo kwa kiganja, unauinua. Palipogusa pana doa jeusi. Unakwangua doa, doa tu, unarudia. Mwanzoni madoa ni mawili, moja kila ukingo, na unadhani kazi haisogei. Baadaye yanatambaa kuelekea chini. Kisha mfereji mzima unachafuka sawasawa, na hapo chuma kimekubali. Mwisho unaukwangua tena kidogo, mtutu ukae huru bila kuguswa.

Kuna dawa za dukani za kazi hii, ghali na nzuri. Masizi hayapungukiwi na kitu.

Chini ya mtutu kuna mkono wa chuma unaotokeza kutoka kwenye mwili wa bunduki. Umebeba springi ya nyundo, na skrubu ya ubao inashika hapo. Ubao lazima uukumbatie mkono huo bila kuugandamiza. Jioni nilikuwa bado nakwangua.

Jumapili, 15 Oktoba

Jirani yangu Muamishi alipita na mkokoteni akaona gunia la maranda mlangoni. Kwa kawaida humpa maranda yangu ya msonobari akatandike zizini. Hili nimemkatalia kabla hajauliza, naye akatikisa kichwa, anajua. Farasi akisimama juu ya maranda ya mjozi mweusi anaugua kwato, miguu inavimba, anashindwa kutembea. Nimelifunga gunia na kuliandika kwa herufi kubwa. Mimi mwenyewe nafanya kazi nimefunga barakoa, vumbi hili linawasha.

Jumamosi, 28 Oktoba

Umbo limetoka. Tupa kubwa, tupa ndogo, kikwangulio, msasa mwisho kabisa. Ruger hutoa mbao nyingine za mbele za mtindo wa Alexander Henry, fundi wa Edinburgh, wenye mfuo kwenye ncha. Mimi sikutaka mfuo, mpingo unatosha. Upana umepungua polepole kuelekea mbele, na kwa chini nimeacha unene kidogo pale kiganja changu cha kushoto kinapokaa. Bunduki za kiwandani zimechongwa kwa mkono wa kila mtu. Huu ni wa mkono wangu, na sioni sababu nyingine iliyo bora ya kujisumbua.

Nilipita jumba la makumbusho la Landis Valley wiki hii kuangalia zile bunduki ndefu za zamani. Mafundi wa Kijerumani wa wilaya hii, akina Jacob Dickert, walizichonga karne ya 18 kwa mti wa mepo, wakaupaka asidi ya nitriki iliyoyeyushiwa chuma na kuupasha moto hadi ukawa mwekundu wa kahawia. Nao walikuja hapa wageni, na ufundi wao ndio uliowapa jina.

Jumamosi, 11 Novemba

Mafuta ya kitani. Kabla yake niliulowesha ubao kwa kitambaa cha maji, vinyweleo vikasimama, nikavikata kwa msasa namba 400, nikarudia hadi havikusimama tena. Utando wa mafuta ni mwembamba mno, unasuguliwa kwa kiganja mpaka kinapata joto. Ndani ya mfereji na tundu la skrubu nimepaka zaidi kuliko nje. Unyevu huingilia huko kusikoonekana, na ubao ukivimba unasukuma mtutu.

Vitambaa vyenye mafuta haya havikunjwi vikaachwa kwenye kona. Vinajiwasha vyenyewe. Vyangu viko nje, vimetandazwa uani.

Jumamosi, 18 Novemba

Uwanja wa shabaha, mita 90 hivi, baridi, hakuna upepo. Kabla ya kufyatua nilipitisha noti ya dola kati ya ubao na mtutu: imeteleza kutoka ncha ya mpingo hadi karibu na mkono wa chuma bila kukwama. Mkanda wa begani kwenye modeli hii unafungwa kwenye mtutu wenyewe, kwa hiyo hauvuti ubao.

Kwa ubao uliopasuka, risasi tatu zilikuwa zinatawanyika zaidi ya inchi 3. Leo tatu zimekaa ndani ya inchi moja na robo. Nimefungua skrubu, nikatoa ubao, nikaurudisha, nikapiga tena tatu. Mahali pale pale.

Msimu wa kulungu unafunguliwa Jumamosi ijayo, tarehe 25. Bunduki iko tayari.