Anzia Migingo

Asumbi, Kaunti ya Homa Bay

Mpwa wangu Atieno,

Nimesikia umeitwa chuo kikuu kusomea siasa za kimataifa, na kwamba masomo ya ujasusi yamo humo humo. Mama yako amenijia akitaka nikuzuie. Sikuzuii, ila nina maneno nataka uyabebe.

Usimkasirikie mama. Sisi tuliokua enzi za Special Branch, kikosi cha ujasusi cha wakati huo, tulimjua jasusi kama mtu wa kutajataja majina ya wenzake. Mwaka 1982, hata kabla ya jaribio la mapinduzi la Agosti, wahadhiri walikamatwa, miongoni mwao Edward Oyugi, Al-Amin Mazrui na Willy Mutunga, ambaye mwaka 2011 alikuja kuwa Jaji Mkuu. Wengine baadaye waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi. Kisha Februari 1990 Robert Ouko, Waziri wetu wa Mambo ya Nje, akauawa, maiti yake ikapatikana karibu na Koru. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa. Mama yako alikua akizisikia habari hizo.

Siku hizi kuna sheria. Kifungu cha 242 cha Katiba ya 2010 ndicho kinachoiweka Idara ya Ujasusi, na kifungu cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu. Visome vyote viwili pamoja. Yeyote akikuomba umripoti mwanafunzi mwenzako kwa sababu ya maoni yake, kataa, hata akiwa amekulipia karo.

Walimu wako huenda wakakuanzishia Washington na Moscow. Wewe, mwanangu, anzia Migingo. Ni jiwe tu ndani ya Ziwa Victoria, halifikii ekari moja, vibanda vya mabati vimebanana mpaka ukingoni mwa maji, na watu wako pale kwa ajili ya samaki aitwaye mbuta. Polisi wa Uganda walipandisha bendera yao, wakawatoza wavuvi ushuru. Mwaka 2009 vijana wa Kibera wakang'oa reli iendayo Uganda kwa hasira. Mei mwaka huo Rais Museveni akasema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Kwa mvuvi wa Muhuru Bay, maji ndiyo shamba lenyewe, kwa hiyo kauli ile haikumpa kitu.

Mpaka wenyewe wa Kenya na Uganda si siri. Umo katika amri ya Waingereza ya mwaka 1926, inayoutaja kwa majina ya visiwa: Pyramid, Ilemba, kuendelea hadi Mageta. Fuata mstari huo kwenye ramani, utaikuta Migingo mashariki yake, upande wetu. Lakini amri haitakwambia kwa nini mzozo umedumu. Hilo waulize wanaopima samaki: mbuta wamepungua wapi, nani ananunua, boti ya doria ipi inaogopwa na kwa nini. Naamini sehemu kubwa ya kazi unayoitamani ni hiyo, kusoma kilicho wazi na kuwasikiliza watu ambao hakuna anayewauliza. Na ukishajua, uandike ulichokikuta hata kama mkubwa wako alitaka kusikia kingine. Hapo ndipo wengi hushindwa.

Lugha pia. Kidholuo na Kiswahili unavyo. Kiswahili kitakufikisha Goma, mashariki mwa Kongo, ukazungumze na mama muuza sokoni, ila nyaraka za serikali kule ni za Kifaransa. Kianze mwaka wa kwanza, usingoje.

Likizo ya Desemba njoo nyumbani. Kabla hujapanda basi, pita Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, uombe kuonyeshwa ramani za ziwa za wakati wa ukoloni, unakili unachoruhusiwa. Tutashuka pamoja hadi Muhuru Bay. Ukifika ufuoni, waamkie wazee kwanza, uwaambie wazi wewe ni binti wa nani na unasomea nini, kisha ndipo utoe daftari.

Mjomba wako