Gemu Huanzia Kwenye Karatasi

Leo nataka tuguse swali ambalo vijana huniuliza mara kwa mara wakishajua kwamba kazi yangu ni kuandika programu: "Kaka, gemu hutengenezwaje?" Wengi hutarajia nianze kutaja kompyuta ya bei ghali na michoro inayong'aa. Mimi huanza na bao.

Hapa kuna kazi mbili, na ni vizuri tuzitenganishe mapema. Kubuni gemu ni kuamua kanuni: mchezaji anaruhusiwa kufanya nini, anazuiwa na nini, na anashindaje. Kuunda gemu ni kuzigeuza kanuni hizo ziwe programu ambayo kompyuta inaweza kuitekeleza.

Sasa litazame bao la Kiswahili. Lina safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 pembeni. Hizo 22 huziingiza moja moja katika hatua ya namua, na zikiisha mchezo huingia hatua ya mtaji. Vifaa ni hivyo tu. Lakini hebu fikiria: uko kwenye namua, umesambaza, na kete ya mwisho imeangukia nyumba yako iliyojaa. Utasimama uilinde, au utaivunja uendelee kusambaza ukitumaini kula zaidi? Hapo mchezaji anakuna kichwa, na hapo ndipo penye gemu. Mchezaji asipokuwa na la kuamua, umemtengenezea filamu ya kutazama.

Ndiyo maana udhaifu wa mashine haujawahi kuwazuia wabunifu. Mwaka 1984, mjini Moscow, Alexey Pajitnov aliandika Tetris kwenye kompyuta iitwayo Elektronika 60, isiyo na uwezo wa kuchora picha. Vipande vyake vyote 7 alivionyesha kwa alama za mabano. Miaka 6 kabla ya hapo, Tomohiro Nishikado wa Japani alitoa Space Invaders, yenye maadui 55 wanaoshuka taratibu. Mashine yake ililemewa kuwachora wote, kwa hiyo kila adui alipouawa, waliosalia walienda kasi zaidi. Nishikado aliiacha hali hiyo kwa sababu ilimtia mchezaji presha. Unyonge wa mashine ukageuka kanuni ya mchezo!

Haya, tuje kwenye programu yenyewe. Ndani ya karibu kila gemu mna mzunguko mmoja. Programu inasoma mchezaji amebonyeza nini, inabadilisha hali ya mchezo kulingana na kanuni, inachora skrini, kisha inarudi mwanzo. Gemu inayochora skrini mara 60 kwa sekunde ina takriban milisekunde 16 tu za kumaliza hayo yote kila mara. Hali ya mchezo nayo ni data ya kawaida. Kwa bao unahitaji orodha ya namba 32 za mashimo, namba 2 za kete zilizo pembeni, zamu ni ya nani, na kama nyumba ya kila mmoja bado ipo. Mwanafunzi aliyesoma programu kwa miezi michache anaweza kuandika hayo.

Nayasema haya kwa sababu nimekuwa nikiandika bao la kompyuta usiku baada ya kazi. Kusambaza kete ilikuwa sehemu rahisi. Kompyuta humaliza kabla hujapepesa jicho, hivyo niliiwekea kituo kifupi kwa kila kete ili mchezaji aone kete zinavyotembea. Kisha nikaichukua laptopu hadi barazani, Mji wa Kale, Mombasa, nikawaamkia wazee na kuwaomba wacheze.

Mzee mmoja alicheza mara tatu, kisha akanirudishia. "Mwanangu, hii mashine inajibu kabla sijaondoa mkono. Mtu nikicheza naye humsoma usoni. Hii nitaisoma wapi?" Siku hizi programu yangu hukawia kidogo zamu inapokuwa ngumu, na huharakisha ikiwa na njia moja tu.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Wawili kati yao walibishana kuhusu kanuni moja ya kutakasa. Kila mmoja alicheza alivyofundishwa kwao, na barazani ubishi kama huo huisha kwa maneno na kahawa. Programu haibishani. Kanuni niliyoiandika ndiyo sheria, na mtoto atakayejifunzia bao kwenye simu hatajua kwamba iliwahi kuwapo nyingine. Kwa hiyo nimeweka swali kabla mchezo haujaanza: mnacheza kwa kanuni zipi? Limeniongezea kazi ya wiki kadhaa, lakini silitoi. Anayebuni gemu huwaamulia watu asiowaona, na uzito huo haumo kwenye vitabu vya programu nilivyosoma chuoni.

Kama umevutiwa, anza hivi. Chagua mchezo mdogo unaoujua tangu utotoni: bao, ajua, karata, hata kati. Andika kanuni zake zote kwenye karatasi, halafu mpe mtu asiyeujua acheze kwa kufuata maandishi yako peke yake. Wewe nyamaza. Kila anapokwama, kuna kanuni uliyoijua bila kuiandika, na kompyuta nayo ingekwama papo hapo. Karatasi ikishakaa sawa, chukua Python pamoja na Pygame, au injini ya Godot. Zote ni za bure, na ukishazipakua unaweza kuendelea hata bila intaneti. Tumia miduara na miraba mwanzoni. Michoro mizuri itakuja baadaye, mchezo ukishapendeza bila hiyo.

Karatasi unayo na kalamu unayo. Nikijaliwa, siku nyingine tutazungumzia jinsi kompyuta inavyochagua zamu yake. Hadi hapo, kila la heri!